Asante kwa Maoni Yako

Watu wa ofisi ya maji walimwita Bi Mzibo, naye hakuona haya. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za watu waliozibiwa: vyoo vimeziba, mitaro imeziba, na wengine roho zimewaziba kwa hasira hata kabla simu haijapokelewa. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti nzito, sauti iliyomfanya mpiga simu mkali ajirekebishe mwenyewe. Tena alikuwa na tabia ya kuita kitu kwa jina lake. Mtu akimwambia, "Dada, hapa kwetu kuna harufu isiyopendeza," yeye humuuliza, "Ni mavi au ni panya aliyekufa? Maana gari ni tofauti."

Tabia hiyo aliitoa kwa mama yake. Mama huyo alikuwa dobi wa hospitali mpaka alipostaafu. Alifua mashuka yenye damu, usaha na kila kinachomtoka binadamu, na mtu aliyeshika uchafu maisha yake yote haogopi jina la uchafu. Anaogopa uchafu wenyewe. Nyumbani kwake, kule bondeni ambako mitaa yote ya juu huteremshia maji yake, hakuna kiatu kilichowahi kuvuka kizingiti. Sakafu yake nyekundu ilipigwa deki asubuhi na jioni hadi ikawa inarudisha uso wa mtu. Majirani walimwita Bi Vua-Viatu. Daktari aliyekuja kumtazama mguu alivua. Askari aliyekuja kuulizia habari za mwizi alivua pia, soksi zimetoboka vidole vinachungulia, na mama akamwambia, "Soksi ni shida yako na mkeo. Sakafu ni yangu."

Mguu wenyewe ulikuwa na kidonda juu ya kifundo, na mama alikuwa na kisukari. Daktari alimwonya bila kumung'unya maneno: kidonda kile kikae kikavu na safi, la sivyo mguu utaondoka. Bi Mzibo aliyashika maneno hayo. Kila mwisho wa wiki alikwenda kumfunga bandeji mpya.

Sasa turudi ofisini, maana huko ndiko uchafu ulikoanzia.

Zamani mpokea simu alipoinua simu, kioo cha kompyuta kilimwonyesha orodha moja fupi, yote mbele ya macho: Bomba limepasuka. Maji hayatoki. Choo kimeziba. Chemba inafurika. Mita ina kasoro. Maneno ya watu, yaliyoandikwa kama watu wanavyoyasema. Mpiga simu alikuwa hajamaliza kulalamika, na mkono wa Bi Mzibo umeshafika kwenye "Chemba inafurika" na kubofya, kwa sababu neno lile lilikaa pale pale kila siku, na mkono ulipajua kama unavyojua swichi ya taa chumbani kwako. Namba ya kazi ikatoka, gari la kunyonya maji taka likaondoka.

Kisha akaja mkuu mpya wa huduma kwa wateja. Huyu alinukia kabla ya kuonekana, ndiyo maana wakamwita Marashi. Mezani kwake kulikuwa na kopo la kupulizia hewa, na alipopita kati ya wapokea simu alipuliza, fii, fii, kana kwamba wateja walikuwa wananuka kupitia kwenye waya. Wiki yake ya kwanza alisimama nyuma ya Bi Mzibo, akaitazama ile orodha, akakunja pua.

"Mama, hivi kweli mgeni akiingia hapa aone neno 'choo' kwenye kioo cha taasisi?"

"Bosi, akija mgeni hapa kwa kawaida kimeziba."

Wenzake wakacheka. Marashi hakucheka. Mwezi haukuisha, orodha mpya ikaletwa, na mapambo yake. Ukifungua kompyuta ulikutana na picha za majani mabichi. Jani la kwanza liliandikwa "Sauti ya Mteja", la pili "Ustawi wa Mazingira", la tatu "Huduma Endelevu". Hapakuwa na choo wala chemba. Ukipeleka kipanya juu ya jani, linachipua tawi; ukifuata tawi, linachipua jingine. Kidole kikiteleza kidogo tu, matawi yote yanajikunja kama kobe, unaanza upya huku mtu anapiga kelele sikioni. Na chemba inayofurika? Ilikuwa ndani ya jani la pili, tawi la "Miundombinu", kijitawi cha "Chini ya Ardhi", nayo ilibatizwa "Mtiririko Usio wa Kawaida". Bomba la maji safi likipasuka, nalo liliitwa "Mtiririko Usio wa Kawaida", lakini chini ya jani la tatu. Basi ukikosea jani, mwenye kinyesi mlangoni anapelekewa fundi bomba na spana yake.

Mtu aliyebuni kitu hiki hakuwahi kujiuliza swali dogo kabisa: nani atakitafuta, na ana haraka gani? Alijiuliza kitapendeza vipi. Nami nasema kuna upambaji ambao ni uchafu kuliko uchafu wenyewe, kwa sababu uchafu angalau unanuka na watu wanaukimbia.

Juu ya hayo, Marashi alitundika luninga ukutani ikionyesha jina la kila mpokea simu na sekunde anazotumia. Ukifanya haraka, jina lako linakuwa la kijani. Ukichelewa, jekundu, watu wote wakitazama. Watu wazima, wenye watoto wanaosoma vyuo, wakawa wanakodolea macho rangi za majina yao kama watoto wanaogombea peremende.

Bi Mzibo alikuwa mwekundu kuanzia siku ya kwanza. Hakuwa bingwa wa ile orodha. Alipotea humo kama wenzake, akafungua jani hili akafunga lile, akasema "subiri kidogo, mpenzi" mpaka mpenzi akakata simu kwa tusi.

Aliyegundua njia ya mkato alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, ambaye Bi Mzibo mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi pale, na meza zao zilipakana. Wifi alikuwa mwepesi wa mdomo na wa vidole. Aligundua kwamba chini ya jani la kwanza kulikuwa na "Maoni ya Mteja", na hilo halikuuliza mtaa wala aina ya tatizo. Unabofya, simu inakatika, jina linakuwa kijani. Tena maoni yakishaandikwa tu yalihesabiwa kuwa yameshughulikiwa, na mteja alitumiwa ujumbe wa simu: "Asante kwa maoni yako. Tunayathamini."

"Wifi, unajitesa bure," alimnong'oneza Bi Mzibo. "Bofya la kwanza, twende."

"Na mtu wa watu?"

"Atapiga tena. Akipiga tena atampata mwingine."

"Naye mwingine atabofya la kwanza."

"Basi atapiga tena!" Wifi akacheka, akapokea simu nyingine. "Huduma kwa wateja, nikusaidie nini, kipenzi?"

Ugonjwa ulienea meza hadi meza. Ofisi nzima ikawa kijani. Marashi alikwenda kwenye mikutano akaonyesha asilimia za matatizo yaliyotatuliwa, akapigiwa makofi. Picha ya Wifi ikatundikwa mlangoni: Mfanyakazi Bora. Huko mitaani watu waliruka madimbwi ya kinyesi wakiwa na ujumbe wa shukrani mifukoni. Unataka kutapika? Subiri, bado.

Bi Mzibo alichukizwa, ndiyo. Alitikisa kichwa, akafyonya. Lakini tuseme kweli: siku moja mzee mmoja alimtukana mfululizo huku matawi yakijikunja, naye akabofya "Maoni ya Mteja", akapumua, akaenda kunywa chai. Mama wa watu wengine walipokaa kwenye uvundo, hasira yake iliishia kwenye kufyonya.

Utaratibu wa Marashi ulikuwa na pambo jingine: kila mwezi kompyuta ilimchagua mteja mmoja miongoni mwa waliotoa maoni, na bosi humtembelea akiwa na mpiga picha, kumshukuru. Asubuhi moja jina la mteja wa mwezi lilibandikwa ubaoni. Bi Mzibo akalisoma, akavaa miwani, akalisoma tena. Lilikuwa jina la mama yake.

Kilichomshtua hakikuwa heshima. Mama yake hajawahi kumsifu mtu tangu azaliwe, chakula kikiwa kitamu sana husema, "Leo hamkuunguza." Iweje aipigie simu ofisi ya maji kutoa maoni?

Akageukia meza ya jirani. "Wifi. Mama alipiga simu hapa?"

Wifi alijifanya anatafuta kalamu. "Mama yupi?"

"Mama yangu. Mama yako. Yule aliyekupa shuka zake nzuri ulipojifungua."

"Aa... alipiga. Wiki iliyopita. Nikamwambia mama usijali."

"Alisema nini?"

Juu ya ukuta jina la Wifi lilikuwa kijani kibichi.

"Alisema chemba ya uani inatoka," Wifi akasema kwa sauti ndogo. "Nililitafuta, wifi, naapa. Nikafungua la mazingira, likajifunga. Nikafungua tena, likajifunga. Sekunde zinakwenda. Nikasema nitamwandika baadaye. Simu zikaja."

Bi Mzibo alikumbuka alivyoongea na mama yake kwenye simu siku zile. "Nyumbani salama," mama alisema. "Kuna uchafu kidogo uani, nimeshapiga ofisini kwenu, wamesema wanakuja." Mama hakutaka upendeleo. Alitaka kupanga foleni kama mtu yeyote. Na mwisho wa wiki iliyopita Bi Mzibo hakwenda, maana Marashi aliwawekea semina ya tabasamu la simu.

Akaingia ofisini kwa bosi bila kubisha hodi.

"Bosi, yule mteja wa mwezi ni mama yangu. Hakutoa maoni. Chemba imefurika kwake na ana kidonda cha kisukari. Naomba namba ya kazi, gari liende sasa hivi."

Marashi akaitazama kompyuta yake. "Hapa inaonyesha ameshughulikiwa."

"Hajashughulikiwa."

"Faili likishafungwa halifunguliwi, mama. Na mita ya nyumba moja haipokei ombi jipya ndani ya mwezi baada ya kushughulikiwa. Tukianza kufungua mafaili asilimia zetu zitakuwaje?"

"Bosi, nyumba imejaa mavi."

Akainua kiganja kama askari wa barabarani. "Lugha, mama. Lugha." Akachukua lile kopo, akapuliza hewani. "Kesho si tunakwenda kwake? Tutamsikiliza. Itapendeza zaidi."

Jioni hiyo Bi Mzibo aliteremka bondeni. Harufu ilimpokea barabarani. Chemba ya uani ilikuwa inachemka polepole, mfuniko wake umeinuka upande, na maji mazito ya kijivu yalikuwa yamepita chini ya mlango wa nyuma mpaka sebuleni. Vitu vilielea humo ambavyo sitavitaja, si kwa sababu ya adabu za Marashi, ila kwa sababu msomaji anavijua. Mama alikuwa juu ya kitanda amekunja miguu, ndoo na fagio pembeni. Alikuwa ameyasukuma nje na kuyasukuma nje mpaka nguvu zikamwisha. Bandeji ilikuwa imelowa, rangi si rangi.

"Mama! Kwa nini hukuniambia?"

"Niliiambia ofisi. Ofisi si wewe?"

Bi Mzibo akauvuta ule mguu mapajani. Alifungua ile bandeji, na alichokiona chini yake kilimfanya ageuze uso, yeye ambaye hakuwahi kugeuza uso mbele ya kitu. Akamwambia mama waondoke, waende kwake, waende hospitali. Mama akakataa.

"Nikitoka watasema nyumba haina mtu. Wakija wamkute nani? Wameniandikia." Akamwonyesha simu. *Asante kwa maoni yako.* "Mimi maoni nimempa nani?"

Alimpigia dereva wa gari la kunyonya, mtu waliyefahamiana miaka mingi. "Dada, kwa ajili ya mama ningekuja sasa hivi," dereva akasema. "Lakini bila namba ya kazi sipewi mafuta, wala geti halifunguliwi. Nipe namba, au mkubwa atamke mwenyewe." Usiku kucha mama na binti walikaa juu ya kitanda kimoja, kila mmoja akijifanya amelala.

Asubuhi Marashi akafika, suti ya rangi ya maziwa, viatu vyeusi vinavyong'aa, mpiga picha nyuma yake na shada la maua mkononi. Barabarani alikuwa ameshatoa leso. Mlangoni alisimama ghafla, akaiona sakafu.

Bi Vua-Viatu alikuwa ameketi kitini, mguu juu ya kigoda, kanga safi, amejitanda kama anakwenda harusini.

"Karibu, baba. Karibu ndani."

"Asante, mama. Nadhani hapa hapa mlangoni panatosha..."

"Mgeni hapokewi mlangoni. Vua viatu, upite."

Marashi akamtazama Bi Mzibo. Bi Mzibo akatazama ukuta.

"Mama," Marashi akasema kwa ile sauti ya semina, "sakafu naona ina... ina..."

"Ina nini?"

"Ina changamoto."

"Hii ni nyumba ya watu," mama akasema. "Aliingia daktari akavua. Wewe ni mkubwa kuliko daktari? Umekuja kunishukuru, njoo unishukuru."

Mpiga picha alikuwa ameshaweka kamera tayari. Majirani walikuwa wamekusanyika, wengine wameshika pua, wengine wameshika mbavu. Marashi akavua kiatu kimoja, akasimama kwa mguu mmoja kama korongo, akaona hawezi. Ndipo akatoa simu yake. "Ngoja, ngoja. Nalishughulikia sasa hivi. Mimi mwenyewe."

Akaingiza namba ya mama, akafungua yale majani yake. Bi Mzibo aliona kidole kikienda jani la tatu, kikarudi, kikaenda la pili. Tawi likachipua. Kidole kikateleza kwa jasho, tawi likajikunja. Akaanza upya. Mguu uliovuliwa kiatu ulikuwa unatetemeka hewani, soksi ya hariri, maji yakipita chini yake taratibu. Akabonyeza kitu kwa hasira. Simu ya mama, pale mapajani, ikalia. Mama akavaa miwani, akasoma kwa sauti, neno moja moja: "Asante... kwa maoni... yako."

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Bi Mzibo hakucheka. Alibonyeza namba ya dereva, akampa bosi simu yake.

"Haloo," Marashi akasema, "ni mimi, mkuu wa huduma. Lete gari huku bondeni. Kuna mtiririko usio wa kawaida."

Simu ilikuwa na sauti kubwa, wote walimsikia dereva. "Mtiririko upi, bosi? Wa maji safi nakutumia fundi bomba."

"Ule mwingine."

"Upi mwingine, bosi? Magari mawili yako hapa, yote yanangoja jina."

Mguu ukamshinda. Ukashuka. Marashi akautazama ulipotua, na uso wake ukageuka kijivu kama yale maji.

"Mavi!" akapiga kelele. "Ni mavi! Lete gari la mavi!"

Gari likaja kabla jua halijapanda.

Ningependa kuandika kwamba mambo yakaishia vizuri. Mama alipelekwa hospitali ile ile aliyoifulia mashuka, na wakamkata vidole viwili vya mguu ili waokoe uliobaki. Marashi aliirudisha ile orodha ya zamani, "Chemba inafurika" juu kabisa, akaiita ubunifu wake baada ya kusikiliza wananchi. Si kidonda cha mwanamke mzee kilichomgusa, ni soksi yake. Picha yake na mama ilitundikwa mlangoni, imekatwa kuanzia magotini kwenda chini. Ile luninga ya sekunde bado ipo ukutani, na bado watu wanaitazama kabla ya kumsikiliza anayelia kwenye simu. Bi Mzibo huipita ile picha kila asubuhi bila kugeuza shingo.

Mama alipotoka hospitali alirudi kwake, alikataa kwenda kokote. Siku hiyo Wifi alikuja bondeni. Alisimama nje muda mrefu, kisha akavua viatu, akaviweka sambamba ukutani, akaingia na ndoo, sabuni na brashi. Alipiga magoti kwenye kona ya mlango wa nyuma, akaanza kusugua. Bi Mzibo alikuwa anamfunga mama bandeji, naye hakumsemesha wala hakumfukuza.

Wifi alisugua mpaka wekundu wa sakafu ukaanza kurudi. Alipofika katikati ya chumba aliinua uso, macho yamemvimba, kana kwamba anauliza kama inatosha.

Mama aliinama, akaitazama sakafu kwa jicho la dobi. Akanyoosha mkongojo wake mpya kuelekea chini ya kabati.

"Pale bado," akasema.